Alikokwenda Mama wa Kambo

Dawa ya mafua ya kupaka, ile inayouzwa katika vikopo vidogo vya bati, bado inanishinda. Mtu akiifungua karibu nami, ndani ya basi la mwendokasi au kwenye foleni ya benki, macho yangu hujaa maji kabla sijajua kwa nini. Si huzuni. Ni utii. Macho yangu yalifundishwa kazi hiyo nikiwa bado sijui kufunga kamba za viatu, na kama mfanyakazi wa zamani ambaye hakuambiwa kuwa kiwanda kimefungwa, yanaendelea kuripoti kazini.

Walio wa rika langu, waliokulia Manzese, Tabata au Temeke, watakumbuka aina ya filamu ninazozungumzia. Zilipigwa katika nyumba ya kupanga ya mtu, kwa kamera moja, kwa umeme wa jenereta, kisha zikaonyeshwa katika vibanda umiza, mabenchi yamebanana na madirisha yamezibwa kwa maturubai. Karibu kila moja ilikuwa na yatima, na karibu kila yatima alikuwa na mama wa kambo. Mimi nilikuwa yatima. Niliigiza yatima mara nyingi kiasi kwamba mama yangu, ambaye alikuwa hai kabisa akiuza viatu vya mitumba karibu na daraja la Manzese, aliulizwa na wateja wake, "Dada, na huyu mtoto ulimwokota wapi?"

"Newala," alijibu bila kuinua kichwa. "Nilimchuma shambani pamoja na korosho."

Mama alikuwa mtu wa kazi moja kwa wakati mmoja. Alisugua viatu kwa mswaki na sabuni ya unga, akavijaza magazeti vikauke bila kujikunja, akapaka chaki raba nyeupe. Viatu vilivyofika vimechoka vilitoka mikononi mwake vikiwa na adabu. Asubuhi ya siku za kupiga picha alinikabidhi kwa Anko Rama, mwongozaji wetu, kisha akarudi kwenye meza yake. Aliniamini kwake, na nadhani haki inataka niseme kwamba kwa kiasi kikubwa Anko Rama alistahili kuaminiwa. Alininunulia chipsi mayai. Alinibeba mabegani kuvuka matope. Hakuwahi kunipiga. Nayasema haya kwanza kwa sababu najua jinsi simulizi kama hii inavyoweza kukatwa.

Kuna jambo moja ambalo watoto wa mtaa wetu hawakulijua nami nililijua, au nilidhani ninalijua. Nilijua kifo kinavyofanya kazi. Nilikuwa nimewaona wafu wengi. Walipakwa poda usoni, wakawekewa pamba puani, wakafunikwa shuka nyeupe, nami nikasogezwa karibu nao nilie. Nikilia vizuri, Anko Rama alipaza sauti, "Kata!" na marehemu akaketi, akachomoa pamba, akauliza chai iko wapi. Nikilia vibaya, ilibidi aendelee kulala. Kwa hesabu ya mtoto, jambo lilikuwa wazi: aliyekufa huamshwa na kilio, na kilio lazima kiwe kizuri.

Siku ninayotaka kuieleza tulikuwa nyuma ya Manzese, katika sebule yenye pazia la kijani. Mama wa kambo aliigizwa na Da Zuhura, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kukwaruza, aliyekuwa akinisuka nywele kati ya sini moja ya filamu na nyingine. Siku hiyo alivaa gauni jekundu na viatu vya visigino virefu ambavyo, kama viatu vyote vya filamu zile, vilitoka kwenye meza ya mama. Yeye alipaswa kusimama karibu na mlango ameshika mwiko, nami nilipaswa kupokea habari za msiba.

Nilipakwa ile dawa chini ya macho. Machozi yalitoka, lakini uso wangu ulibaki umetulia kama wa mtu anayesubiri zamu ya kuchota maji.

"Huyu anatoa maji tu," Anko Rama alilalamika. "Halii. Nyie hamuoni? Anavuja!"

Walijaribu tena. Nikavuja tena. Jenereta lilikuwa linakaribia kuishiwa mafuta na mwenye nyumba alikuwa anataka sebule yake. Hapo Anko Rama akamwashiria mpiga kamera aendelee, akaja mbele yangu na kupiga magoti. Kwa miaka yote nimekumbuka kwamba alipiga magoti; sasa ninajua kuwa alichuchumaa. Nalisahihisha kwa sababu mtu anayepiga magoti anaomba, na yeye hakuomba. Alisema kwa sauti ya chini, ya upole kabisa, kama mtu anayekutuma dukani:

"Mwanangu, sikiliza. Mama yako amegongwa na gari pale barabarani. Amefariki."

Sitakieleza kilio kile. Wengi wamekiona. Ninachokumbuka ni gauni jekundu likitoka mlangoni, jinsi nilivyonyosha mkono kulifuata na jinsi lilivyokwenda bila kugeuka. Kisha muda mrefu usio na umbo. Kisha harufu ya sabuni ya unga, mikono yenye unyevu, na mama. Mama mzima, mwenye joto, akinibana mpaka mbavu zikaniuma. Watu walikuwa wanapiga kelele juu ya kichwa changu lakini sikuzisikiliza. Nilikuwa nimeshapata hitimisho langu. Mama alikufa, nililia vizuri kuliko siku zote, mama akaamka.

Filamu ilipotoka, niliitazama katika kibanda umiza cha mtaani kwetu, nimeketi benchi la mbele kwa heshima ya ustaa. Sini ile ilipofika, kinanda kikaanza kulia mahali pa sauti zetu. Mtoto analia. Mama wa kambo anatazama, anatupa mwiko, anageuka kuelekea mlangoni. Papo hapo, kaburi lenye udongo mbichi. Kibanda kizima kiliunguruma.

"Ona roho yake! Ona anavyoondoka!"

"Shetani wa kike huyo!"

"Mie nikikutana naye namvua hilo wigi!"

Hawakuwa wanatania sana. Muuza nyanya alimkatalia Da Zuhura nyanya. Kondakta alimshusha njiani, abiria wakapiga makofi. Mwanzoni alicheka, akasema hiyo ndiyo dalili ya kuigiza vizuri. Baadaye akawa anajifunika ushungi mpaka puani. Hatimaye alihamia Gongo la Mboto, nyuma kabisa, karibu na kambi ya jeshi, lakini mikanda ilikuwa imeshafika kabla yake.

Nami nilimchukia. Si kama watazamaji, waliomchukia mhusika. Mimi nilimchukia mtu. Yeye ndiye aliyeniacha. Alipokuja nyumbani kwetu, mama alimtandikia mkeka mpya, akamchagulia kipande kikubwa cha samaki, wakacheka pamoja kwa sauti ambazo sikuzielewa. Nilichukua sahani yangu nikaenda kula nje.

"Njoo umsalimie Da Zuhura," mama aliita.

"Nimeshamsalimia kwa moyo."

"Moyo hauna mdomo. Njoo hapa!"

Muda si mrefu baadaye akafariki Mzee Chande, fundi cherehani wa barazani kwa jirani, ambaye ndiye aliyenishonea sare ya shule ya kuigizia, iliyochanwa makusudi begani na kushonwa vizuri sana kuzunguka pale ilipochanwa. Nilimpenda. Kwa hiyo nilikwenda msibani kikazi.

Niliingia kwa wanawake, nikatafuta nafasi inayoonekana, nikaanza. Nililia kwa hatua: kwanza pumzi, kisha mabega, kisha sauti. Wanawake wakanyamaza mmoja mmoja kunitazama. Mjane mwenyewe aliacha kulia. Nilipoona nimemaliza vizuri, nikajifuta uso kwa kiganja na kutulia nikisubiri. Huko nje wanaume walikuwa wananyanyua jeneza.

"Wanampeleka wapi?" nikauliza. "Hajaamka bado. Nilie tena?"

"Mtoto gani huyu?" bibi mmoja akafoka. "Huku si kwenye sinema huku! Nani kamleta?"

Mama alinitoa kwa mkono, hakunichapa. Alinikalisha kwenye ngazi ya nyuma, akanipangusa kamasi kwa upindo wa kanga.

"Machozi hayaamshi mtu, mwanangu," alisema. "Mzee Chande hatarudi."

"Wewe ulirudi."

"Mie sikufa. Rama alikudanganya. Zuhura ndiye alinifuata kule mezani, nikaja mbio."

"Da Zuhura aliondoka! Aliniacha. Nimeona kwa macho yangu kwenye sinema."

Mama alinitazama. Sijawahi kuusahau uso wake, kwa sababu haukuwa wa hasira. Ulikuwa uso wa mtu aliyegundua kwamba amepokonywa kitu na hajui aende kudai wapi.

"Mie mama yako nakwambia," alisema taratibu, "na wewe unaniambia sinema?"

Nilimwambia sinema. Nilikuwa nimeiona tena na tena. Yeye aliyasema yale mara moja tu. Baada ya msiba ule hakunipeleka tena kwa Anko Rama, na alipoulizwa mtaani kwa nini kipaji kinapotea, alijibu kuwa kipaji kiko nyumbani kinaosha vyombo.

Sijui mtu huwa mhariri wa filamu kwa sababu gani. Mimi huwa nawaambia watu kwamba nilipenda kompyuta. Ukweli, nadhani, ni kwamba nilikua nikitazama mishono, pale picha moja inapounganishwa na nyingine. Nikiona mtu anatoka kwenye picha, siwezi kumfuata anayebaki. Nataka kujua aliyetoka amekwenda wapi. Nimelijengea swali hilo utafiti wangu wa shahada ya uzamili, na hivi karibuni nililipeleka mbele ya jopo. Jopo halikuwa na ukatili. Mmoja wao alivua miwani na kusema kwamba kumbukumbu ya mtoto si ushahidi, na ushuhuda wa mama aliyekwisha kufariki, ulionukuliwa na bintiye, ni dhaifu zaidi. Akanishauri nijiondoe ndani ya kazi. Nilisema asante. Niliondoka na mkoba wazi.

Mama nilimzika kabla sijaanza masomo haya. Pale msibani watu walinitazama, wale waliokumbuka, wakisubiri. Sikutoa hata tone. Aliyelia mpaka sauti ikakatika alikuwa Da Zuhura, na hata hapo nilisikia mtu akinong'ona kwamba yule mama anaigiza.

Kisha Anko Rama akanipigia simu. Alikuwa anataka filamu zake za zamani zisafishwe ziwekwe mtandaoni, na hakumwamini mtu mwingine. Akanipa sanduku la mikanda ghafi inayonuka ukungu. Niliifuta kwa pamba, mmoja mmoja, nikaihamishia kwenye kompyuta. Katika mkanda wenye sebule ya pazia la kijani, kamera imesimama juu ya miguu yake na haisogei. Mgongo wa Anko Rama unaingia, unachuchumaa. Sauti yake inasikika yote. Anajiondoa. Mtoto anaanza.

Na Da Zuhura hamtazami mtoto. Anamtazama Anko Rama, ambaye sasa yuko nje ya picha. "Rama, una wazimu?" anasema. Anatupa mwiko. Anageuka kuelekea mlangoni, na hapa ndipo filamu ninayoijua inapokatika, hapa hasa, kwa sababu kinachofuata ni kwamba anainama. Anavua kiatu kimoja. Anavua cha pili. Anakusanya gauni mkononi na kutoka mbio.

Nilisimamisha picha ameinama. Anayemtelekeza mtoto havui viatu. Anayevua viatu ana mahali pa kuwahi.

Niliruhusu mkanda uendelee. Mtoto analia peke yake. Hakuna anayemsogelea, mpiga kamera anakohoa. Viatu viwili vimebaki mlangoni, kimoja kimelala ubavu. Analia, analia, mpaka unatamani kuingia mwenyewe. Ndipo mlango unajaa: Da Zuhura, pekupeku, wigi limehamia sikioni, na mbele yake mama. Mama kijana kuliko nilivyo mimi leo. Mkononi ameshika raba yenye povu la sabuni, aliyokuwa akiisugua alipofikiwa. Ananinyanyua kwa mkono mmoja. Kwa mkono wa pili anaizungusha ile raba, na kutoka nje ya picha unasikika mlio mmoja safi, kisha Anko Rama akisema, "Mama we!" Kamera inaanguka. Giza.

Nilimpigia siku iliyofuata.

"Shikamoo, Anko."

"Marahaba, staa wangu. Sini ya kulia umeshaifikia?"

"Nimeifikia. Na mkanda wake mzima ninao."

"Ule upo? Mie nilidhani nilirekodia harusi juu yake."

"Upo. Na raba ipo."

Alicheka kicheko cha kweli. "Mama yako, Mungu amrehemu, alikuwa na mkono yule! Sikio hili mpaka leo mvua ikikaribia linavuma. Sasa sikiliza. Hayo yote weka pembeni. Unakata palepale nilipokata mie. Zuhura akigeuka, kaburi."

"Sitakata pale, Anko."

"Unasemaje?"

"Zuhura akigeuka, tunamsubiri arudi."

"Tunamsubiri? Nani anasubiri siku hizi, wewe! Mtoto analia weee, kamera imeganda, halafu anaingia muuza viatu ananichapa mie? Hiyo si sinema, hiyo ni fujo!"

"Ndivyo ilivyotokea."

"Kwani sinema ni kilichotokea? Ndiyo mnachofundishwa chuo kikuu hicho?"

Ni swali la haki, na nilikuwa nimeshalifikiria kupita kiasi, kama ninavyofikiria kila kitu. Sidai kwamba filamu iseme kweli. Ninakata uongo kila siku. Ninafupisha hotuba za wajomba katika video za harusi na kuwafanya wote waonekane wana busara. Lakini mkato ule una mtu aliyeachwa upande wa pili, na mtu huyo hakuigiza alipotoka mlangoni. Ana jina, ana mtaa, na ananunua nyanya kwa kutuma watu.

"Unataka kuniaibisha uzeeni," Anko Rama akasema, safari hii bila kicheko.

"Hapana, Anko. Nakuacha kwenye picha kama ulivyokuwa. Hata mimi nimo, na kamasi zangu."

"Basi nitampa mtu mwingine."

"Mpe. Sanduku nitakurudishia kwa mikono miwili. Ila yule anayelia ni mimi, na yule anayeingia ni mama yangu, na jina langu halitakaa chini ya mkato ule. Na kwenye kazi yangu ya chuo sini itakwenda nzima."

Alikata simu, na hiyo ni haki yake. Kwa jopo pia niliandika, kwa adabu zote zinazotakiwa, kwamba sitajiondoa.

Jumamosi, baada ya alasiri, nilikwenda Gongo la Mboto. Watoto walionielekeza nyumba hawakujua jina lake. Walijua "kwa mama wa kambo". Da Zuhura alikuwa uani anachambua mchele, pamoja na jirani zake watatu waliomzoea lakini hawaachi kumtania. Niliiweka kompyuta juu ya stuli, kivulini, nikamwambia kwamba nimemletea kitu. Aliona pazia la kijani akasukuma ungo pembeni.

"Ah, hii tena! Mwanangu, mie hii siitaki."

"Tazama kidogo tu, Da Zuhura."

Jirani mmoja, Mama Asha, mwanamke mnene mwenye kicheko chepesi, alikuwa ameshavuta kigoda. Mtoto akaanza kulia. Mwiko ukatupwa. Gauni jekundu likageuka.

"Haya, ona roho yake!" Mama Asha akapiga makofi, kama walivyopiga wote siku zote. "Ona anavyoondo..."

Kwenye picha, Da Zuhura akainama. Kiatu kimoja. Kiatu cha pili.

Makofi yakaisha. Mtoto akabaki peke yake kwenye picha, analia. Sikugusa kitu. "Mbona haikati?" mmoja akanong'ona. Mama Asha alianza kuyumba kidogo kwenye kigoda, kama mtu anayebembeleza. Kisha mlango ukajaa, mama yangu akapita na raba yake, mlio ukasikika, na picha ikaanguka gizani.

Jogoo wa jirani aliwika saa isiyo yake. Da Zuhura alikuwa ameweka kiganja mdomoni.

"Nilikuwa nakimbia," alisema. "Mnaona? Mie nilikuwa nakimbia."

Mama Asha alijifuta macho kwa ukingo wa kanga, akageuka akamtazama mwanamke aliyeishi naye ukuta kwa ukuta.

"Sasa Zuhura, miaka yote hii, kwa nini hukusema?"

Da Zuhura aliuvuta ungo wake, akauweka mapajani, akaanza tena kutoa chuya.

"Nilisema," akajibu. "Nyie mlikuwa mnaangalia sinema."